Mbwa Hagawiwi

Siku ng'ombe wa mahari ya Josia walipotolewa zizini pale Nkololo waende Shishiyu, Esteria aliharibu shughuli ya watu wazima mbele ya wakwe kwa sababu ya mbwa. Naam, mbwa! Tena mbwa mwenyewe si wa kutazamwa mara mbili: rangi ya vumbi, sikio limechanika, mbavu zote nje, na kupe wamejipanga shingoni utadhani amevishwa ushanga. Watu wamekuja na makoti yao ya heshima, wamekaa kwenye viti vya kuazima, wanasubiri mambo yaende kwa utaratibu. Mara Esteria, shangazi wa bwana harusi, anasimama katikati ya uwanja na kitenge chake kipya, anasema ng'ombe waende, mbwa haendi.

Jina la mbwa lilikuwa Watasema. Alipewa na marehemu mzee Jilala, baba yao Esteria na kaka yake Kristofa, babake Josia, mwaka ule mzee alipoezeka banda la ndama kwa bati huku nyumba yake ikiwa bado ya nyasi, na majirani wakapata la kuzungumza kisimani. Mzee hakugombana na mtu. Kila asubuhi alitoka nje akamwita mbwa wake kwa sauti ya juu, "Watasema! Watasema, njoo!", na waliokuwa na masikio walisikia.

Mbwa huyo aliachwa na mama yake kabla hata hajafungua macho, kwa kuwa mama aligongwa na lori la pamba. Wiki hiyohiyo palikuwa na ndama wa madoa ambaye naye mama yake alikufa akizaa. Mzee Jilala akawaweka pamoja kwenye lile banda la bati, akawanywesha maziwa kwa chupa moja, huyu akimaliza anapewa yule. Wakakua hivyo. Ndama akawa ng'ombe mkubwa, wakamwita Madoa, na mbwa akawa mbwa wa zizi. Lakini malishoni ukimtafuta Watasema, humpati kwa mchungaji. Unamtafuta Madoa, unamkuta mbwa amelala pembeni yake.

Sasa, kwenye kaya ya Jilala kulikuwa na mazoea ambayo huenda kwingine hayapo. Kwao mbwa hagawiwi. Ng'ombe wanagawiwa, wanauzwa, wanatolewa mahari, lakini mbwa anaachwa afuate anaowafuata. Siku ya kutoka ng'ombe, lango linafunguliwa, watu wote wananyamaza, hakuna ruhusa ya kumwita mbwa wala kumrushia mfupa. Akibaki, amebaki. Akienda, ameenda, na huko aendako hadaiwi. Mzee alilishika jambo hilo kuliko hata mambo ya kanisani.

Na siku hiyo Madoa alikuwa miongoni mwa wanaokwenda.

"Kaka," Esteria alisema, "huyu mbwa mgonjwa. Mtamtembezaje mpaka Shishiyu?"

"Anatembea mwenyewe," Kristofa akajibu kwa sauti ya chini, maana wakwe walikuwa wanasikiliza. "Hajabebwa na mtu. Hebu kaa kwanza, dada."

"Sikai! Hamwoni hizo kupe? Hilo sikio lina funza! Mnyama naye ana haki zake, kaka."

"Haki zipi? Umemwuliza anataka nini?"

"Na wewe ulimwuliza kama anataka kupe?"

Uwanja mzima ukacheka. Wakwe nao wakacheka, wakiinamisha vichwa. Kristofa, mtu mzima mwenye mvi, alichekwa nyumbani kwake siku ya kumuoza mwanawe. Kila mtu alijua pia kwamba wale ng'ombe wasingetimia bila mkono wa Esteria kutoka mjini, kwa hiyo nani wa kumwambia akae? Alimfunga Watasema kamba ya manila shingoni, akamburuza mpaka kwenye pikapu yake.

Ng'ombe wakatoka. Walipofika kwenye uzio wa minyaa, Madoa akasimama, akageuka, akatazama nyuma kule mbwa alikokuwa anajinyonga na kamba. Ilibidi achapwe fimbo ndipo aende. Esteria aliliona hilo kwa macho yake. Akajiambia ng'ombe hana akili ya namna hiyo, akawasha gari.

Na jamani, kwenye suala la kupe alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomponza. Mtu akiwa sahihi kwenye jambo moja dogo huona amemaliza yote.

Esteria alikuwa na duka la dawa za mifugo Bariadi, jirani na stendi. Alikuwa mjane, mwenye lugha kali na mkono mwepesi wa kutoa. Mwaka mmoja kabla ya hapo alihudhuria semina Mwanza, ya ustawi wa wanyama, akarudi na bango kubwa akalibandika dukani. Bango lilisema mnyama anayefugwa asiwe na njaa wala kiu, asilale pabaya, asiachwe na maumivu, asiishi kwa hofu, na aachwe aishi kwa silka yake. Wafugaji wakija kununua dawa ya kuogeshea, anawasomesha. Yale manne ya kwanza aliyaeleza vizuri sana, na mifano juu. La tano alilipitia harakaharaka, maana hata yeye semina ile walipofika hapo ilikuwa saa ya chakula.

Watasema alitunzwa, hapo tusimwonee mtu. Fredrick, afisa mifugo rafiki yake Esteria, alikuja akatibu sikio, akachanja, akatoa minyoo. Mbwa akaogeshwa kwa maji ya vuguvugu, akajengewa kibanda cha mbao chenye paa, akanunuliwa mkanda mwekundu wa shingoni. Alikula ugali kwa mchuzi wa mapupu, siku nyingine utumbo, siku nyingine dagaa. Manyoya yakaota, yakang'aa. Fredrick alimpiga picha kabla na baada, akawa anawaonyesha watu kwenye simu yake. "Tazama," anasema, "hawa ni mbwa wawili? Ni mmoja huyu!" Esteria anacheka, anajifanya haoni cha ajabu, kumbe moyoni anajisikia raha tupu.

Lakini yule mbwa hakumtazama. Ndiyo hivyo. Alikula akimaliza anarudi getini, analala pua yake ikiwa kwenye uwazi wa chini ya geti. Esteria akija na bakuli anasimama kwa adabu, anampisha. Akimpapasa, anatulia apapaswe. Hakumng'ata hata siku moja, hakumtikisia mkia hata siku moja. Siku ya mnada, ng'ombe wanapopitishwa ile barabara ya vumbi nyuma ya nyumba, ndipo unapojua kwamba ana sauti. Anasimama kwa miguu ya nyuma, anakwaruza geti mpaka kucha zinatoka damu, analia. Ng'ombe wakishapita anakimbia akiufuata ukuta, kona hii mpaka kona ile. Nyasi za kando ya ukuta zikafa zote, pakabaki njia.

Jirani yake alikuwa Maftaha, muuza khanga na vitenge, ambaye mtaani walimwita Mama Shifa. Wazazi wake walitoka Tabora wakafungua duka Bariadi wakati mji huu haujawa makao ya mkoa. Maftaha na mbwa, mbalimbali; akija kwa Esteria anasimama nje ya geti, khanga ameikusanya mkononi, ili asije akalambwa akaanza kujitwaharisha. Lakini mifupa alikuwa analeta, anairusha kwa mbali.

"Mama Lucy, wateja wangu wananiuliza hapa kwako kuna msiba gani," alimwambia Esteria siku moja ya mnada.

"Atazoea. Ni ushamba tu huo."

"Ushamba! Mwezi wa ngapi huu anazoea?"

"Wewe mbona paka wako humfundishi? Jana kalala kwenye gunia langu la pumba."

"Paka wangu simfugi mimi," Maftaha akasema. "Tunakaa wote tu. Akitaka anakuja, asipotaka haji. Juzi kaleta panya akaniwekea kwenye kitenge cha wax, nikapiga kelele. Lakini nimfunge? Nimfunge nimpeleke wapi?"

Lucy, binti yake Esteria aliyekuwa anasoma chuo Dodoma, naye alikuwa na maneno yake. Huko chuoni walikuwa na kikundi cha kutetea wanyama, na tangu ajiunge, kila simu ni mhadhara.

"Mama, hicho unachofanya ni ustawi, siyo haki. Ni vitu viwili."

"Nieleze basi mwalimu."

"Ustawi unauliza anakula nini, analala wapi, anaumwa wapi. Ni vizuri, sikatai. Lakini bado ni mali yako, unamwamulia. Haki inauliza nani kakupa wewe kumwamulia. Sisi tunasema mnyama siyo mali ya mtu."

"Kwa hiyo nifungue geti agongwe na bodaboda, ndiyo haki yake hiyo?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Na kuku? Kuku wa chipsi siku hizi huli?"

"Ninapunguza," Lucy akasema, na Esteria akacheka mpaka akakaa kwenye gunia. Alimsimulia Maftaha, wakacheka wote. Ni rahisi kumcheka mtoto aliyesema kweli akiwa bado ana mafuta ya kuku mdomoni. Ila siku hiyo Esteria alirudi nyumbani, akamkuta mbwa amelala palepale, pua chini ya geti, na kicheko kikamkauka. Akamwita. Watasema akageuza sikio moja, basi.

Nyanjige akapiga simu. Huyu ndiye mama wa bibi harusi, mjane kama Esteria, na ndiye aliyepokea ng'ombe kule Shishiyu. Alianza kwa salamu ndefu za Kisukuma, watoto, mvua, pamba, ndipo akafika kwenye shida. Yule ng'ombe wa madoa hatulii. Kila akipata upenyo anatoka zizini, anashika njia ya kurudi Nkololo. Wanamkuta mbali, wanamrudisha, kesho anatoka tena. Maziwa yamekata.

"Mkwe wangu," Nyanjige akasema, "wazee wa huku wanasema anamtafuta mbwa wake. Nilikuwa naomba, hata kwa kuazima tu, mtuletee akae naye kidogo."

Esteria alikuwa anapima dawa ya mteja, simu ameibana kwa bega. "Mkwe, hao ni minyoo," akasema. "Ng'ombe mwenye minyoo hatulii. Nitakutumia dawa kwa basi la kesho, na jiwe la chumvi. Bure kabisa, usijali."

"Wabeja, mayu," Nyanjige akasema, akashukuru tena, akakata simu. Esteria akatuma dawa, tena nzuri, ile ya bei. Akaona amesaidia.

Baada ya hapo akaja Kristofa mwenyewe. Alikuja na basi, akaingia dukani na katambuga zake za tairi na harufu ya zizi, akakaa kwenye benchi la wateja, kofia mapajani. Esteria alijiandaa kwa ugomvi. Ugomvi haukuja.

"Uliyosema kuhusu kupe ni kweli," Kristofa akasema. "Nimekaa nikafikiri. Nilimwacha mbwa wa baba akaharibika, hilo kosa langu. Ungeniambia tu, dada yangu, ningemwogesha."

"Nilikwambia."

"Uliniambia mbele ya wakwe."

Esteria akafuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

"Mpeleke Shishiyu," kaka yake akasema. "Au nipe mimi nimpeleke. Baba hakuwahi kumfunga yule mbwa kamba."

"Baba hakuwahi kumchanja pia! Kaka, nimemtoa kwenye mateso, leo nimrudishe kwenye mateso kwa sababu ng'ombe wa watu hana maziwa? Huko nani atamchanja? Nani atampa nyama? Akifa huko mtaniambia nini?"

Kristofa aliomba amwone mbwa tu, na Esteria akampeleka nyumbani. Hata kabla geti halijafunguliwa, Watasema alikuwa ameshajua. Alitoka mbio, akajibwaga miguuni pa Kristofa, akamnusa suruali kuanzia chini mpaka magotini, akanusa zile katambuga zenye samadi, akazikumbatia kwa miguu ya mbele akalaza kidevu juu yake. Mkia ukapiga chini, pu, pu, pu. Kristofa akachuchumaa, akamsemesha Kisukuma taratibu, yale maneno anayosemeshwa ng'ombe wakati wa kukamuliwa.

Esteria alisimama mlangoni akiwatazama, na tuseme ukweli, aliona wivu. Wivu wa wazi. Mume alikwenda. Lucy alikwenda chuo, na akirudi likizo anatazama simu. Huyu mmoja amemnunulia nyama, amemsafisha usaha kwa mikono yake mwenyewe, na mkia anampa mtu wa kupe! Kama ni haki, ya kwake yeye iko wapi? Ndiyo maana alisema, kwa sauti kali kuliko alivyokusudia, "Haya kaka, basi la jioni litakuacha."

Kristofa akaondoka. Mbwa alilia getini mpaka sauti ikamkauka, na Esteria akafungua redio.

Baada ya hapo simu ya kaka yake ikawa ikiita anaiacha iite. Alijua anachotaka. Ijumaa moja iliita mara nyingi akiwa dukani, akaigeuza kifudifudi kwenye kaunta akaendelea kuhudumia.

Aliyemvunja mwishowe ni Maftaha, tena bila kukusudia. Ilikuwa kesho yake, Jumamosi, siku ya mnada, ng'ombe wamepita, na Watasema safari hii hakusimama getini. Alibaki amelala. Alinyanyua kichwa, akasikiliza kwato mpaka zikaisha, akakilaza tena. Esteria akamwambia Maftaha kwa furaha, "Umeona? Nilikwambia atazoea."

Maftaha akamtazama mbwa kwa muda kupitia kwenye nondo za geti. "Mimi mbwa simjui," akasema. "Dini yangu inaniweka mbali naye, na mimi mwenyewe namwogopa. Lakini kulia nakujua, Mama Lucy. Shifa alipofiwa na mtoto alilia wiki nzima, sikuwa na wasiwasi. Aliponyamaza ndipo nilipoogopa." Akaikusanya khanga yake, akaenda zake.

Esteria akaingia ndani, akakaa. Akatoka, akamtazama. Chakula cha asubuhi kilikuwa kimejaa vilevile na nzi juu. Alipochuchumaa akamshika kichwa, Watasema alitulia ashikwe, kama siku zote, macho yake yakiwa chini ya geti. Hapo ndipo Esteria alipolia, akamwambia, "Basi. Basi, baba, nimeelewa. Nakupeleka."

Jumapili hakwenda kanisani. Alipakia bakuli, blanketi, mfuko wa dawa za mwaka mzima, akampandisha mbwa nyuma ya pikapu, akashika barabara ya Maswa. Hakumpigia mtu simu. Aone aibu ya kusema "nilikosea" kwenye simu, kwa nini, wakati akifika na mbwa, wenyewe wataona? Njiani alipanga maneno ya kumwambia Nyanjige, na maneno mengine, magumu zaidi, ya kumwambia Kristofa. Alijisikia mwepesi. Hata wimbo aliimba.

Walipokaribia Shishiyu, kabla nyumba hazijaonekana, alisikia kishindo nyuma. Watasema alikuwa amesimama, miguu ya mbele juu ya bodi, mwili mzima unatetemeka. Ng'ombe walikuwa wanakula mabua kwenye shamba lililovunwa. Esteria hakuwahi hata kusimamisha gari vizuri, mbwa akaruka. Alikimbia! Jamani alikimbia, na huo unene wake wa mjini, masikio nyuma, mpaka katikati ya ng'ombe. Esteria alishuka akabaki amesimama anacheka na machozi yanamtoka.

Mbwa alianza na wa mwanzo. Alimnusa, akapita. Akamwendea wa pili, wa tatu, ng'ombe wa Nkololo ambao aliwajua, nao wakamjua, mmoja alimsukuma kwa pua. Akapita. Akafika wa mwisho, akasimama. Akarudia tena kuanzia mwanzo, taratibu zaidi.

"Mwadila, mayu," sauti ikamsalimu nyuma yake. Nyanjige alikuwa amekuja, anajifuta mikono kwa kitenge.

"Mwadila, mkwe wangu. Nimemleta," Esteria akasema. "Nimechelewa, nisameheni, lakini nimemleta. Madoa yuko wapi?"

Nyanjige akaweka mkono mdomoni.

"Mkwe, Kristofa hajakwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Alisema atakupigia." Nyanjige akamshika mkono. "Alitoka tena, mama. Safari hii tulichelewa kujua. Asubuhi tukafuata nyayo, tukamkuta korongoni, fisi wameshamla nyuma yote, yeye bado anapumua. Ikabidi achinjwe. Ilikuwa juzi. Alikuwa ameelekea kwenu, njia ileile."

Esteria alitaka kusema sikujua. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi, halafu likakosa pa kutokea, maana aliambiwa. Aliambiwa na mama huyu huyu kwa simu, naye akatuma dawa ya minyoo. Aliambiwa na kaka yake akiwa na kofia mapajani. Aliambiwa kila siku ya mnada na mbwa mwenyewe mpaka kucha zikatoka damu. Hakuna aliyemficha.

Ngozi ilikuwa pembeni ya ghala, imewambwa chini kwa vigingi, manyoya juani. Madoa yake yalionekana tangu walipokuwa wamesimama. Watasema alikuwa amemaliza kupita ng'ombe mara ya pili. Upepo ulipogeuka akanyanyua pua, akaacha ng'ombe, akaja. Aliizunguka ngozi yote, akinusa kigingi kwa kigingi. Akapiga kelele moja ndogo, ile ya mtoto wa mbwa. Kisha akalala kando yake, akaweka kidevu juu ya ukingo, akatulia.

Esteria alikaa chini, kwenye vumbi, na gauni lake la Jumapili. Alikuwa analia kwa sauti sasa, na hakujali nani anasikia. Mbwa wake alikuwa ameshiba, ameogeshwa, amechanjwa, hana kupe hata mmoja. Kila kitu kwenye lile bango, isipokuwa kile kimoja alichokiruka, alimpa.

Baadaye waliingia ndani, wakala kidogo, kwa adabu tu. Jua lilipoanza kupungua Esteria akanyanyuka. "Nitamwacha hapa, mkwe," akasema. "Ni wa kwenu. Yupo na hawa wengine, anawajua, watamliwaza."

"Abaki, mayu. Tutamtunza. Hata hizo dawa nielekeze, nitampa."

Waliagana. Esteria alikwenda nyuma ya gari, akashusha bodi, akatoa mfuko wa dawa akampa Nyanjige. Akavuta blanketi, akalitandika chini ya mti wa mchongoma, mahali ambapo mbwa angeona zizi. Aliporudi kuchukua bakuli, alihisi kitu kimempita kwenye magoti. Alikuwa Watasema. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini wakati huohuo, wanatimua vumbi, na mbwa hakuwageukia. Aliruka juu ya pikapu, akaenda mpaka mbele kabisa, akalala ameligeuzia zizi mgongo.

"Teremka," Esteria akasema. "Watasema, teremka. Hapa ndiyo kwenu."

Mbwa alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu amtoe Nkololo, alimtazama usoni, kwa utulivu, na mkia ukapiga sakafu ya gari mara moja. Esteria alikuwa ameusubiri mkia huo miezi yote ile.

"Teremka, baba, nakuomba," akasema. "Usinifuate mimi. Kaa na ng'ombe. Kaa, tafadhali."

Watasema akafumba macho. Esteria alibaki amesimama na bakuli kifuani, hawezi kupanda wala kuondoka. Nyanjige akaenda chini ya mchongoma akakunja blanketi. Kisha akamwondolea Esteria lile bakuli mikononi, akaviweka vyote garini karibu na mbwa, akafunga bodi.